Mezani kwa Wapolandi: Mila Hufundishwaje Nyumbani?

Utangulizi

Wanachuo wenzangu, hili ni somo, lakini msikimbie. Hapa hakuna mahudhurio wala jaribio la ghafla. Nataka tutembee hadi Polandi, nchi ya Ulaya ya kati, tuingie ndani ya nyumba za watu, tukae nao mezani na kuangalia wanavyoziishi mila zao. Lengo si kujua tu kwamba Wapolandi wanakula nini Krismasi. Sisi tunaosomea ualimu tuna swali moja ambalo hatutalikwepa: mila inafundishwaje hadi mtoto anaishika, anakua nayo, na siku moja anampa mwanawe?

Najua kuna mtu atauliza, sasa Polandi inatuhusu nini sisi? Sababu ninazo mbili. Ya kwanza ni kwamba Wapolandi waliwahi kukaa zaidi ya miaka mia moja bila nchi yao wenyewe, na kwa sehemu kubwa ya muda huo bila shule zao, lakini mila na lugha havikupotea. Kwa mwalimu yeyote hilo ni jambo la kulichunguza. Ya pili ni ya karibu zaidi. Mimi nimekulia Usa River, na kutoka kwetu hadi Tengeru ni mwendo mfupi tu wa daladala. Pale Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Kumbe hawa watu waliwahi kuwa majirani wa babu zetu, na hilo tutalifikia.

Hoja yangu naiweka mapema ili msinitafute. Mila za Wapolandi zilidumu kwa sababu nyumba yao ilimpa mtoto kazi ndani ya mila. Hakuwa mtazamaji wala msikilizaji, alikuwa na kitu cha kufanya ambacho bila yeye hakiendi. Hapo hapo nitaongeza kwamba mila, kama somo lolote, ina mtihani wake, na mtihani huo haufanyiki siku ya sherehe.

1. Nchi iliyogawanywa

Mwishoni mwa karne ya 18 Polandi ilizungukwa na wakubwa watatu: Urusi, Prussia na Austria. Waliigawana kama watu wanaogombea ng'ombe wa marehemu. Kipande mwaka 1772, kingine mwaka 1793, na mwaka 1795 wakamalizia. Kuanzia hapo hadi Novemba 1918, yaani miaka 123, hapakuwa na dola huru ya Polandi. Watu walikuwepo, mito ilikuwepo, miji ilikuwepo, lakini kila mtu alikuwa raia wa mfalme wa kigeni.

Maria Skłodowska, ambaye wengi tulimsoma kwenye fizikia kwa jina la Marie Curie, alizaliwa Warsaw mwaka 1867 chini ya utawala wa Urusi. Chuo kikuu cha pale hakikupokea wanawake. Akasoma katika chuo cha siri ambacho Wapolandi walikiita Chuo Kikuu Kinachoruka, kwa sababu vipindi vilifanyika kwenye nyumba za watu na kuhamahama ili polisi wasivikamate. Mwaka 1898, yeye na mumewe walipogundua elementi mpya, waliipa jina la poloniamu, kwa heshima ya nchi ambayo haikuwa na mipaka wala serikali.

Kwenye eneo la Prussia, lugha ya kufundishia ilikuwa Kijerumani. Kipolandi kilibanwa hadi kikabaki zaidi kwenye kipindi cha dini, na huko nako kikaanza kuondolewa. Mwaka 1901, katika mji mdogo wa Września, watoto wa shule ya msingi waliamriwa wasome dini kwa Kijerumani. Wakakataa kujibu. Wakachapwa viboko. Wazazi waliokusanyika kupinga walifikishwa mahakamani, na baadhi yao wakafungwa. Miaka ya 1906 na 1907 mgomo wa aina hiyo ulienea kwa maelfu ya watoto.

Tusimame hapo kidogo. Mtoto wa darasa la nne au la tano anatoa wapi ujasiri wa kumgomea mwalimu mwenye fimbo? Shule ilikuwa inamfundisha kinyume chake, kwa hiyo si shuleni. Ujasiri huo alitoka nao nyumbani. Kipolandi kwake hakikuwa somo kwenye ratiba. Kilikuwa lugha aliyoombewa nayo na mama yake na lugha aliyotakiwa nayo heri mezani. Kwa hiyo twende mezani.

2. Wigilia: usiku wa kazi za watoto

Sherehe kubwa kuliko zote katika familia ya Kipolandi ni Wigilia, chakula cha jioni cha tarehe 24 Desemba. Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni kukesha. Kwa Wapolandi wengi usiku huu una uzito kuliko siku ya Krismasi yenyewe. Mwaka 2025 ndio mara ya kwanza kwa siku hiyo kuwa mapumziko rasmi kitaifa, lakini nyumba zilishaifanya kuwa siku kuu tangu zamani bila kungoja tangazo la serikali.

Maandalizi yanachukua siku nzima na zaidi. Meza inatandikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa huwekwa nyasi kavu kidogo, ukumbusho wa hori alimolazwa mtoto Yesu. Halafu, na hili mlishike kwa sababu tutalirudia, sahani moja ya ziada na kiti chake huwekwa mezani bila mtu. Kama watu ni saba, sahani ni nane. Ni kiti cha mgeni asiyetarajiwa. Familia nyingi pia hukiona kama nafasi ya ndugu aliyefariki au aliye mbali. Wapolandi wana methali inayosema kwamba mgeni akiingia nyumbani, Mungu ameingia nyumbani. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Njia tofauti, kijiji kimoja.

Chakula kipo tayari, kinanukia, watu wana njaa kwa sababu wengi hawakula sana tangu asubuhi. Lakini hakuna anayegusa kitu mpaka nyota ya kwanza ionekane. Nani anaitafuta nyota? Watoto. Wanasimama dirishani, pua zimebandikwa kwenye kioo, baridi nje. Mwezi Desemba jua linazama Warsaw saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo usiwaze kwamba wanangoja hadi saa nne usiku. Lakini kwa mtoto mwenye njaa ni muda mrefu. Akiiona, anapiga kelele, na hapo ndipo babu, bibi, wajomba na wageni wote wanasogea mezani. Fikirieni hilo kielimu: nyumba nzima, pamoja na wakubwa wenye ndevu, inasubiri ruhusa ya mtoto wa miaka mitano.

Kabla ya kula, mara nyingi husomwa habari ya kuzaliwa kwa Yesu kutoka Injili ya Luka. Kisha kinakuja kitendo ambacho kwangu ndicho moyo wa usiku huo. Kuna kaki nyembamba ya unga wa ngano na maji, nyeupe, yenye picha zilizogandamizwa juu yake, inafanana na hostia. Inaitwa opłatek. Kila mtu anachukua kipande chake. Halafu unamwendea mtu mmoja, unamega kidogo kwenye kipande chake, naye anamega kwenye chako, mnakula, na kila mmoja anamtakia mwenzake mambo anayomtakia kweli: afya, kazi, ufaulu wa mtihani, mtoto, amani. Mnakumbatiana. Unahamia kwa mwingine, hadi umemaliza watu wote.

Nikapiga hesabu. Mkiwa watu sita, ni mazungumzo 15. Mkiwa kumi, ni 45. Yaani shemeji uliyenuniana naye tangu Pasaka, lazima umfikie. Huwezi kumruka, chumba kizima kinakuona. Na mtoto hapewi msamaha. Naye anashika kipande chake, anamwendea babu, anamwambia kwa maneno yake anamtakia nini. Babu anainama kumsikiliza. Sasa huyo mtoto amejifunza nini? Amejifunza kutakia mtu heri kwa dhati, kuomba msamaha, kusimama mbele ya mtu mzima na kusema. Kwenye azimio la kazi tungeyaandika kama malengo mahususi manne. Pale yameisha kwa dakika ishirini na hakuna aliyeandika ubaoni.

Ndipo wanakula. Kwa desturi vyakula ni 12 na nyama haipo. Kuna supu nyekundu ya bitiruti yenye vijiunga vidogo vilivyojazwa uyoga, kuna pierogi ambazo ni kama sambusa zilizochemshwa zikiwa na kabichi na uyoga ndani, kuna samaki, kuna kinywaji cha matunda yaliyokaushwa, kuna keki ya mbegu za popi. Inatakiwa uonje kila kimoja. Baada ya hapo ni zawadi, nyimbo za Krismasi, na wengi huenda misa ya usiku wa manane. Watoto huambiwa pia kwamba usiku huo wanyama huongea kwa lugha ya binadamu, na zamani vijijini ng'ombe nao walipewa kaki yao, ya rangi ya waridi.

Mtu asidhani kila kitu hapo ni cha tangu enzi na enzi. Samaki anayeitwa karp, ambaye leo ni kama alama ya Wigilia, alienea kwenye meza nyingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati serikali ilipohimiza ufugaji wake kwenye mabwawa kwa kuwa alikuwa rahisi kupatikana. Mti wa Krismasi nao ulitoka kwa Wajerumani na kusambaa karne ya 19. Kwa hiyo mila ilikuwa inabadilika huku inaendelea. Samaki anaweza kubadilika, lakini mtoto wa dirishani hajaondolewa kazini.

3. Mila nyingine, kazi ile ile

Ukishaona mpango huu kwenye Wigilia, unauona kila mahali. Nitapita haraka.

Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya Pasaka, familia hupeleka kikapu kanisani kibarikiwe. Ndani yake kuna mayai yaliyopakwa rangi, mkate, chumvi, soseji, na mara nyingi mwanakondoo aliyetengenezwa kwa siagi au sukari. Nani anabeba kikapu? Mara nyingi ni mtoto, na mayai hayo kayapaka rangi yeye. Jumatatu ya Pasaka ni siku ya kumwagiana maji. Hapo usitoke umevaa suti, maana kuna vijana wanakungoja na ndoo.

Tarehe 1 Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, taifa zima linaelekea makaburini. Watu wanasafiri umbali mrefu kusafisha makaburi ya wazazi wao, kuweka maua na kuwasha mishumaa ndani ya vyombo vya kioo. Usiku makaburi yote yanang'aa. Mtoto anapewa kiberiti na mshumaa, anaambiwa: huyu ni mama wa bibi yako, mwashie. Ukoo anaujifunza kwa kusimama juu yake. Na mara nyingi wanawasha pia kwenye kaburi ambalo halina mtu.

Harusini, wazazi huwapokea maharusi kwa mkate na chumvi, kuwatakia wasikose chakula na wastahimili uchungu wa maisha. Wageni hupiga kelele kwamba kinywaji ni kichungu, na hawanyamazi mpaka maharusi wabusiane ili kukitia utamu. Sherehe inaweza kuendelea siku ya pili.

Mkate wenyewe una heshima yake. Zamani, na kwa wazee wengine hadi leo, mkate mpya huchorewa ishara ya msalaba kwa kisu kabla ya kukatwa, na kipande kikianguka chini kinaokotwa na kubusiwa. Katika kuongea, mtu mzima usiyemzoea humwiti kwa neno la kawaida la "wewe". Unamwita Bwana au Bibi na kitenzi kinageuka kama unaongelea mtu wa tatu. Sisi wa shikamoo tunaelewa kabisa kwamba sarufi nayo inaweza kuwa adabu.

Ya mwisho kwenye orodha hii ni ninayoipenda zaidi kama mwalimu mtarajiwa. Tarehe 21 Januari ni Siku ya Bibi, na tarehe 22 ni Siku ya Babu. Shule za awali na za msingi huandaa maigizo, mashairi na kadi, kisha mabibi na mababu wanaalikwa darasani kukaa kwenye vile viti vidogo na kutazama wajukuu wao. Hapo shule haishindani na nyumba. Inaifungulia mlango.

4. Meza ya jirani

Ingekuwa si haki kuongelea familia za Polandi kana kwamba zote zilikuwa za Kikatoliki. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, karibu mtu mmoja kati ya kila kumi nchini humo alikuwa Myahudi, zaidi ya watu milioni tatu. Walikuwepo pia Waukraini, Wabelarusi, Wajerumani na wengine.

Angalieni meza ya Pasaka ya Kiyahudi. Usiku huo simulizi la kutoka Misri haliwezi kuanza vizuri mpaka mtoto mdogo kuliko wote aulize maswali: kwa nini usiku wa leo hauko kama mwingine? Kikombe cha divai hujazwa kwa ajili ya Nabii Eliya, na mlango hufunguliwa. Nyumba mbili kwenye mtaa mmoja, dini mbili, na zote zimefikia ufundishaji ule ule: mtoto ndiye anayeianzisha ibada, na kuna nafasi ya anayeweza kuingia. Mpaka leo kwenye meza nyingi za Wigilia kuna samaki wa kupikwa "kwa namna ya Kiyahudi", mtamu, wenye zabibu kavu na lozi.

Karibu Wayahudi milioni tatu wa Polandi waliuawa na utawala wa Hitler. Mabibi na wajukuu waliuawa pamoja, na meza zao zikaondoka nao. Nimeliweka hili hapa kwa sababu tukisifu mila iliyodumu, tukumbuke na mila ambayo wenyewe hawakuachiwa uhai wa kuirithisha.

Wakati huo huo wavamizi walifunga vyuo vikuu na shule za sekondari kwa Wapolandi. Walimu wakafanya kile walichofanya babu zao: wakafundisha kwa siri majumbani, wanafunzi wachache wachache, wakijua kwamba wakikamatwa ni kambi au kifo.

5. Tengeru

Sasa tunarudi karibu na nyumbani. Mwaka 1940 na 1941 dola ya Kisovieti, iliyokuwa imechukua mashariki ya Polandi, iliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya watu hadi Siberia na Kazakhstan. Familia nzima zilipakiwa kwenye mabehewa wakati wa baridi kali. Baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi mwaka 1941, wengi waliachiwa, na mwaka 1942 sehemu yao ilitoka kupitia Iran. Wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake, wazee na watoto, wakiwemo yatima wengi, walihitaji mahali pa kungojea vita viishe. Uingereza ikawasambaza kwenye makoloni yake, Afrika Mashariki ikiwemo. Uganda walikaa Masindi na Koja. Tanganyika walikaa sehemu kadhaa, na kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, yenye watu karibu 5,000.

Waliishi kwenye nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, Mlima Meru ukiwa mbele yao. Wakajenga kanisa, wakafungua shule za msingi na sekondari, na hata shule ya kilimo. Kuna watoto waliofika pale bila baba wala mama, na waliowafundisha Kipolandi, sala na desturi ni walimu na akina mama wa kambini. Fikirieni kazi ya yule mwalimu. Hana theluji, hana jamaa wa yule mtoto, hana nchi ya kumwonyesha. Ana mikono na kumbukumbu tu. Kwa mtoto aliyeondolewa kwao akiwa na miaka mitatu, kiti kitupu mezani hakikuwa na haja ya kuelezwa.

Vita vilipokwisha, mashariki ya Polandi ilibaki ndani ya Umoja wa Kisovieti, kwa hiyo wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wameshatawanyika: Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Makaburi yao yamebaki Tengeru na yanatunzwa hadi leo. Tuseme na ukweli mwingine: wenyeji wa Meru hawakuulizwa kama wanataka wageni. Mkoloni aliamua. Lakini ardhi iliyowapokea na kuwazika wafu wao ilikuwa ya hapa.

6. Mtihani wa kiti kitupu

Nilisema mila ina mtihani. Kiti kitupu ni rahisi kukiweka. Ugumu ni pale mlango unapobishwa kweli.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, ndani ya wiki chache zaidi ya watu milioni mbili walivuka kuingia Polandi. Familia za kawaida zilienda vituo vya treni zikiwa na mabango na magari, zikachukua akina mama na watoto wasiowajua, zikawalaza nyumbani kwao. Hakuna wizara ingeweza kuamuru hilo kwa haraka namna ile. Mtu aliyefundishwa kila Desemba tangu utotoni kwamba sahani ya ziada ni ya yule asiyetarajiwa, siku hiyo alikuwa na jibu.

Lakini tusome karatasi yote ya mtihani, tusichague maswali. Siku zile zile wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wanasoma Ukraine walieleza jinsi walivyozuiwa na kusukumwa nyuma ya foleni mpakani, hasa upande wa Ukraine, hadi Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kukemea. Na tangu mwaka 2021, kwenye misitu ya mpaka wa Polandi na Belarus, watu kutoka Mashariki ya Kati na Afrika waliojaribu kuvuka walirudishwa, na Polandi ikajenga uzio. Wapolandi wenyewe waligawanyika. Wengi waliunga mkono ulinzi wa mpaka, wakisema utawala wa Belarus unawatumia watu hao kama silaha. Wengine waliokaa karibu na mpaka waliwasha taa ya kijani dirishani, ishara kwamba hapa utapata chakula na nguo kavu. Nao pia waliuliza: kile kiti ni cha nani hasa?

Mimi si Mpolandi, na si kazi yangu kuwasahihishia. Ninachokiona ni kwamba mila iliwapa swali hilo, na likawasumbua. Mila iliyokufa haimsumbui mtu.

7. Sisi walimu tunabeba nini?

Nilipokuwa fildi, niliwaambia wanafunzi wa kidato cha kwanza wataje mila tano za jamii zao. Wakataja kwa haraka, kwa kufuatana, kama wanasoma ubaoni. Nikauliza, nani ameshafanya hata moja kwa mikono yake? Kimya. Halafu msichana mmoja wa nyuma akasema kwao mkungu wa kwanza ukikatwa, yeye ndiye anayetumwa kuupeleka kwa bibi, na hatakiwi kuutua njiani. Akaeleza dakika nzima, hakutazama daftari. Wengine wote walikuwa wametaja mila. Yeye alikuwa nayo.

Tunasoma kwa Dewey kwamba mtu hujifunza kwa kutenda. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alisema shule isimtenge mtoto na jamii yake. Majandoni na unyagoni kwetu walilijua hilo kabla hatujapewa vitabu. Tatizo letu ni kwamba sasa mila tumezigeuza mada: eleza maana, taja faida nne, taja hasara nne, funga daftari. Mtoto anapata alama 80 na bibi yake hajui anasoma nini.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. Kwanza, tukifundisha mila, kazi ya nyumbani iwe kitendo: mwombe bibi au jirani akufundishe jambo moja, lifanye, kisha uje utuambie ulikosea wapi. Pili, tuwalete wazee darasani angalau siku moja kwa mwaka, wakae kwenye madawati yetu, watoto ndio wawahudumie. Tatu, kila mila tuiwekee swali la mtihani wake. Kama tunafundisha ukarimu, tuulize: mwanafunzi aliyehamia juzi, anayeongea kwa lafudhi nyingine, anakaa na nani wakati wa chakula?

Hili la tatu linatuhusu hata hapa hosteli. Kuna wenzetu hawarudi kwao likizo kwa sababu nauli haipo au kwao hakuna mtu. Sisi tunajisifu kwamba Waafrika ni wakarimu. Tunapofunga mabegi mwezi Desemba, tunajua majina yao?

Maswali ya kujadili

1. Tafuta mila moja ya nyumbani kwenu ambayo mtoto mdogo ana kazi maalumu ndani yake. Ikiondolewa kazi hiyo, mila itabaki na nini?

2. Watoto wa Września walikataa kujibu kwa lugha ya kigeni kwenye kipindi cha dini. Lugha ya nyumbani kwenu inatumika wapi leo, na nani anaisemesha kwa watoto?

3. Je, mila ikibadilika kama samaki wa Wigilia, inaharibika au inaishi? Toa mfano kutoka kwenye ukoo wako.

4. Kama ungeweka sahani moja ya ziada mezani kwenu, ni nani akiingia ungesita kumkaribisha? Usiandike jibu hili. Lifikirie tu.